Mandolini Iliyokatwa kama Libaya

Ninyi mnaobaki kwenye barza yetu ya Mangobo, hapa Kisangani, mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, kabla macho hayajaniacha kabisa. Bon, naandika. Vyeo sina vya kuwasimulia, kwa sababu ateliye yetu, karakana ile ya barazani, haikuwahi kuwa na vyeo: kulikuwa na anayeshika randa na anayefagia, na siku nyingi mtu huyo alikuwa mmoja. Mshahara nao tuuache ulale. Nitasema habari za mbao, za nyuzi, na za watu waliokuja kutusumbua, hasa mama mmoja aliyenionyesha kwamba miaka yote nilikuwa nachonga mandolini, vile vigitaa vidogo, bila kujiuliza zinakwenda kukaa wapi.

Nilifika pale nikiwa kijana, na nilitaka kupiga, si kuchonga. Mwenye ateliye alikuwa Papa Bolila, mtu wa Barumbu, ambaye huko kwao alikuwa fundi wa mitumbwi. Alikuja mjini akakuta padri mmoja amewaletea watu mandolini, padri akaenda zake, mandolini zikavunjika moja moja, na hakuna aliyejua kuzitengeneza. Papa Bolila alizitazama akasema hizi ni mitumbwi midogo tu, ila maji hayaruhusiwi. Akaanza.

Akaniuliza, "Unajua kupiga?"

"Kidogo, papa."

"Bon. Sahau. Shika hii."

Akanipa kipande cha chupa ya bia. Mimi mtoto wa Kiislamu, babu zangu walikuja huku na misafara, siku ya kwanza kazini napewa chupa ya bia! Nilishukuru kwamba ilikuwa imevunjika. Kumbe ndiyo chombo cha kwanza cha fundi: kwa ukingo wa kioo unakwangua ubao wa uso, ule wenye tundu la sauti, mpaka unakuwa mwembamba wa kuimba. Unagonga kwa kidole. Ukijibu "to", kwangua. Ukijibu "tooo", acha mara moja. Mimi nilisikia "tooo" nikaipenda, nikaendelea kidogo ili niisikie vizuri zaidi, na kidole kikatokea upande wa pili.

Papa Bolila hakukasirika. Alichungulia kwenye tundu, akaniona, akasema, "Umefungua dirisha. Kesho utarudi kulifunga."

Nilirudi kesho yake, na sikutoka tena mpaka mwaka huu.

Vifaa vyetu mnavijua, maana bado mnavitumia huku mkivilalamikia. Randa ya mti wa kambala, kisu kilichotokana na msumeno uliokatika, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vya kufungia mbao wakati gundi inakauka. Nyuzi zetu zilitoka kwenye waya za breki za toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, na vile vyuma vya shingoni vya kupangia nota vilitoka kwenye spoki za magurudumu yake. Watu wa toleka walitutazama kwa jicho baya, wakidhani tunakaa pale tukiomba breki zao zikatike. Hatukuomba. Tulikuwa tunapita tu mara kwa mara kuwasalimia.

Kuhusu kubuni mandolini, Papa Bolila alinifundisha kitu kimoja, na alinifundisha kwa namna ya kunichekesha ili nisikisahau. Alisema kila mandolini inalisha watu watatu: jicho, ubavu wa mpigaji na sikio. "Jicho njo mugeni," aliniambia. "Unamupokea muzuri, unamupatia kiti, lakini kesho anaenda. Ubavu njo bibi yako, kila siku uko naye, akiumia wewe pia haulale. Na sikio njo bokilo." Bokilo kwetu ni mkwe, na hapo alikuwa na maana ya mama mkwe. "Sikio haitosheki, hata umupe nini. Lakini yeye njo alikupatia bibi. Bila yeye hakuna nyumba." Basi kazi yetu ilikuwa kuwakalisha hawa watatu kwenye meza moja bila ugomvi. Mkisema ni rahisi, ni kwamba hamjaoa.

Mteja aliyelisha jicho peke yake nilimpata mapema. Alikuwa mfanyabiashara wa njia ya Bengamisa, akataka mandolini iliyofunikwa vipande vya kioo mbele na nyuma, na juu ya vioo vernisi ya kung'arisha, na juu ya vernisi vernisi nyingine. Nilimweleza kwamba vernisi nene inauziba ubao pumzi. Akasema yeye anataka watu wamwone toka mwisho wa nganda, yaani kilabu cha bia. Nikamtengenezea. Ilikuwa nzito kuliko mbuzi, na ukiipiga ilitoa sauti ya sufuria. Alifurahi sana yule mtu, mpaka leo ananisalimia kwa mikono miwili. Alikuwa hajui kupiga.

Nimechonga nyingi baada ya hapo, nzuri na za kawaida. Papa Bolila alipochoka akarudi Barumbu kwa ndugu zake, akaniachia barza na jina. Mke wangu, Mama Salima, akaleta mashine yake ya kushona akaiweka upande wa pili wa barza ileile. Mimi huku vumbi la mbao, yeye kule vitambaa, na kila siku ugomvi: vumbi langu kwenye libaya za watu. Libaya ni ile blauzi ya mama wa Kikongo, na ole wako ukiichafua kabla ya harusi.

Ndipo akaja Mama Vero.

Mama Vero alikuwa mpiga mandolini wa kwaya ya wamama katika parokia moja ya hapa Mangobo, na ninaposema mpiga, nina maana kwamba akianza kuzitetemesha zile nyuzi hata mimi Ramazani, nikipita barabarani na tasbihi yangu, nilikuwa napunguza mwendo. Ni mama mwenye mwili, Mungu hakumpunja popote. Na kwaya zetu mnazijua, haziimbi zimesimama kama nguzo. Zinacheza, hatua kushoto, hatua kulia, wanageuka, wanainama, na misa inaendelea.

Alikaa kwenye benchi, akaiweka mandolini yangu magotini kama mtu aliyeleta mtoto mgonjwa.

"Papa Ramazani, hii kitu yako inanikimbia. Nikicheza, inateleza. Ninaishikaka na mukono wa kushoto, na ule ule mukono njo unatafuta nota. Mukono moja, kazi mbili! Misa ikifika katikati, bega inawaka moto, vidole vinakufa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Nilikuwa nanyamaza. Sasa Papa Dieudo ameona."

Papa Dieudo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kwaya. Walikuwa wamepata sintetizeri, kile kinanda cha umeme, na jubilei ya parokia ilikuwa inakaribia. Alikuwa amemwambia kwa upole akae na wamama wengine, aimbe tu, mashine itapiga.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

Machozi yakamlenga. "Nilianzaka kupiga hii kitu mbele sijaolewa. Bwana alikufa, watoto walienda Kinshasa, hii njo ilibaki. Wakiniondoa hapo mbele, papa, minarudi nyumba kufanya nini? Kuangalia ukuta?"

 Nilikwenda mwenyewe kumwona Papa Dieudo, na nawaambia ukweli, hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Mimi sina mubaya na mama. Lakini jubilei iko ndefu. Mukono ukimukatalia katikati, tutafanya nini, tutapiga makofi? Bon, tusikilizane. Mandolini yako ikimubeba misa yote, mwanzo mpaka mwisho, sintetizeri itakaa kando. Isipomubeba, mama atakaa kwenye benchi, na hautanichukia."

Tukashikana mikono. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikidhani jambo lenyewe ni dogo.

Kwanza nilidhani tatizo ni uzito. Nikamchongea nyingine nyepesi, mgongo na mbavu za tola, ule mti mwepesi. Ilikuwa nyepesi kweli, na ilimkimbia kwa haraka zaidi. Nikatia mkanda wa kupita begani. Mkanda uliizuia isianguke, lakini haikutulia, ilizungukazunguka pale mbele yake. Nilikaa nikamwangalia akifanya mazoezi mpaka nikaona: mgongo wa mandolini yangu ulikuwa bapa, kifua cha Mama Vero hakikuwa bapa, na viwili hivyo vilikuwa vinagusana mahali pamoja tu, kama ubao uliowekwa juu ya mpira. Nilikuwa nimezijaribu mandolini zote kwenye kifua changu mwenyewe. Na mimi, mnaniona, mbele na nyuma ni ubao.

Sasa nifanyeje? Kumpima siwezi. Mimi mwanamume, tena Muislamu, tena mume wa mtu, niende na rula kwenye kifua cha mjane wa watu? Nilikaa nikikuna kichwa. Mama Salima, ambaye alikuwa amesikia yote kutoka kwenye mashine yake, hata hakuinua uso.

"Papa Salima, si unatia pince hapa chini ya kifua? Unatia mbili, itakaa tu."

Nikaruka. Pince! Jambo rahisi hivi! Kwetu ateliye, pince ni koleo ya kushikia waya, na nyumbani pince ni kile kibanio cha kuanikia nguo. Nikachukua koleo mbili ndogo, nikazikata mikono, nikazitia springi, nikazifunga nyuma ya mandolini, moja huku, moja kule, ziing'ate libaya ya Mama Vero pale ubavuni na kushikilia. Nilijisifu sana. Nilimwambia hata muuza samaki.

Tulizijaribu kwenye mazoezi, uwanjani mwa kanisa. Wimbo wa kwanza, wa polepole, mandolini imetulia kabisa. Nikamkonyeza Papa Dieudo. Wimbo wa pili wakaanza kucheza. Mama Vero akageuka kushoto, mandolini ikabaki kulia, na libaya ikaamua kufuata mandolini.

Ee Mola wangu! Wamama wakamzunguka papo hapo kama ukuta. Sisi wanaume wote tukaanza kukagua paa la kanisa, kama mafundi wa bati. Kutoka katikati ya ule ukuta nikasikia sauti: "Papa Ramazani! Ulitaka kunisaidia ao kunivua nguo?"

Nilipomsimulia Mama Salima, alicheka mpaka akaegemea mashine. Kila akitaka kusema, anaziona koleo zangu, anaanza upya.

"Pince ya mushonaji, papa! Ya mushonaji! Siyo ya kung'ata mutu!"

Akachukua kipande cha kitambaa, akakilaza bapa mezani. Akakifinya pembeni, akashona ule mfinyo toka ukingoni kuelekea katikati, mpana mwanzo, unakwisha kama ncha ya kisu. Akakinyanyua. Kitambaa kilichokuwa bapa kilikuwa kimepata bonde. Hiyo ndiyo pince ya washonaji: unaondoa kabari ndogo pembeni, na kitambaa kinakubali umbo la mtu bila kukunjamana. Kila libaya iliyopita mbele ya macho yangu kwenye barza ile ilikuwa nazo. Mimi nilikuwa nazipulizia vumbi tu.

Niliuliza, "Na mbao?"

"Mbao ni yako. Mimi niko na kitambaa."

Lakini alimwita Mama Vero, wakaingia chumbani, wakafunga mlango, nikasikia vicheko ambavyo sikuvipenda. Alipotoka alikuwa na patroni, yaani kile kielelezo cha karatasi ambacho washonaji hukatia nguo. Aliikata kwenye mfuko wa simenti, na alikuwa ameishona kabisa kwa uzi, na mifinyo yake miwili. Akaniwekea mkononi.

"Hii njo mugongo wa mandolini yako. Usiniulize nini inakaa wapi."

Sikuuliza. Niliukata ubao mwembamba wa lifaki kwa kuifuata karatasi, nikatoa kabari mbili pembeni, nikaushika juu ya mvuke mpaka ukalegea, nikazivuta zile nafasi zikakutana, nikatia gundi, nikafunga mipira ya baiskeli pande zote. Nilipofungua, ubao ulikuwa na bonde. Nilikaa chini. Jamani, nilikuwa mtu mzima, na nilikaa chini nikaupapasa ule ubao kama mwendawazimu. Leo ninyi mnatoa migongo ya pince huku mnapiga soga, mnaona ni kazi ya kawaida. Siku ile ilikuwa ya kwanza, na fundi alikuwa mimi.

Ubavu ukatulia. Mama Vero aliivaa, akazunguka barza, akainama, akageuka, mandolini ikabaki pale pale. Akapiga, na mimi nikashika kichwa. Ililia kama mbu. Ule mgongo uliingia ndani, na tumbo la sauti lilikuwa limepungua. Bokilo, sikio, amenuna.

"Umekata huku, unaongeza kule," akasema Mama Salima, akiwa na pini mdomoni. "Kitambaa kinatoka mahali fulani, papa."

Chini ya kwapa la kulia, kuelekea kiunoni, mwili wa mtu una nafasi ya bure. Niliubomoa ubavu wa mandolini, nikautengeneza upya, mwembamba juu na mnene upande ule wa chini, sauti ikapata chumba chake. Ukingo wa juu, mkono wa kulia unapolala, nikauviringisha kwa kioo usikate nyama. Nikagonga uso kwa kidole. "Tooo." Safari hii niliacha mara moja.

Sauti ikarudi ikiwa nzito na tamu, na Mama Vero akapiga wimbo wote macho yamefungwa. Nilijua tumewaridhisha wawili. Akabaki mgeni, jicho.

Maana mandolini ilikuwa imekwenda kombo, upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba. Papa Dieudo alipoiona alirudi hatua nyuma. "Hii mandolini ni kilema? Tutaisimamisha mbele ya askofu hivi?"

Hapo nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Kitu kinachokwenda mbele ya watu siku ya jubilei lazima kiwe kimevaa. Nikamwuliza Mama Vero anapenda nini. Akaondoa kiunoni liputa yake ya pili, yaani kitenge cha juu, ile yenye mistari inayopinda kama mto, akaitandika juu ya meza. "Hii ikiwa kombo, nani anasema kitu?"

Hakuna anayesema. Nikachana vijiti vya wenge nyeusi na vya tola nyeupe, nikavipandikiza kwenye uso vikipinda toka upande mwembamba kwenda upande mnene, kama ile mistari. Jicho likaifuata mistari, likasahau kupima. Kilichokuwa kombo sasa kilikuwa kinacheza. Vernisi nikapaka moja, nyembamba, nikaificha chupa ili nisishawishike. Papa Dieudo alikuja tena, akaizunguka, akainusa hata, akasema, "Bon. Sasa ni mutu."

Jubilei ikafika. Msidhani nitawaambia umeme ulikatika, mashine ikafa, mandolini ikaokoa watu. Ninyi ni wa Kisangani, mngenielewa, lakini sivyo. Umeme siku ile ulikuwepo wa kutosha, hata tulishangaa. Sintetizeri ilikuwa kando ya kwaya, imewashwa, taa zake zinawaka, na mpigaji wake amekaa tayari. Tulishinda mchana kweupe, mpinzani akiwa mzima.

Mimi na Mama Salima tulisimama nyuma, yeye na kilemba chake kipya, mimi na kofia mkononi. Mama Vero alianza na maingilio, maandamano marefu toka barabarani. Akapiga. Masomo, nyimbo, mahubiri ambayo nayo hayakuwa na haraka. Ikafika sadaka. Watu wakaleta ndizi, mchele, majogoo, mbuzi mmoja aliyekuwa hataki, wote kwa kucheza, na kwaya ikacheza nao katikati ya kanisa. Nilikuwa natazama bega lake la kushoto tu. Nilikuwa naliomba lile bega. Lilikuwa limeshuka, limelegea, kama bega la mtu aliyekaa kwake. Mpigaji wa sintetizeri alikuwa ameweka mikono magotini, anatikisa kichwa kwa wimbo.

Wimbo wa mwisho ukafika. Kwaya ikatoka mstari, ikashuka kwa watu, Mama Vero mbele. Pale mahali ambapo nyuzi mbili za chini zinalia zenyewe, wazi, bila kidole, aliuondoa mkono wa kushoto kwenye shingo. Wote. Akauinua juu, na kitambaa cheupe akakitoa sijui wapi, akaanza kukipunga juu ya kichwa huku mkono wa kulia unatetemesha, kiuno kinageuka kushoto, kinageuka kulia. Na mandolini, wadogo zangu, haikwenda popote! Imekaa kifuani pake kama ilizaliwa hapo. Vigelegele vilipanda mpaka nikadhani bati zitaondoka. Nililia mbele za watu. Mama Salima alinipiga kiwiko: "Angalia zile pince zangu."

"Zetu," nikasema.

"Zangu."

Nikakubali. Siku ile ningekubali lolote.

Baraka ikatolewa, watu wakatoka, na uwanjani Mama Vero bado anapiga. Watoto, wamama, wazee, wamemzunguka, vumbi linapanda. Papa Dieudo akapenya katikati yao, jasho linamtoka, tai imemgeukia mgongoni, na uso wake una huruma ya kweli.

"Mama Vero, misa imeisha! Weka chombo chini kidogo, pumuzisha mukono."

"Mukono gani?" akauliza Mama Vero, na akaendelea kupiga.